Jaribio lisiloonekana halijafaulu

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunazidi kuandika programu ndogo za kuchambua data zetu. Yangu, ya Java, hupokea nomino ya Kiswahili cha Lubumbashi na kutoa wingi wake: mutoto, batoto, kitabu, bitabu. Kila kanuni ya ngeli ina jaribio lake, ili nikigusa ki-/bi- nijue kama mu-/ba- imeharibika. Lakini jaribio huonya tu ikiwa kihariri kinaliona. Katika Visual Studio Code, orodha tupu ya majaribio haina hata alama moja nyekundu. Ni rahisi kuidhania salama.

Kihariri hakisomi nia ya mwandishi. Kinasoma alama, kama sisi tunavyoitambua ngeli kwa kiambishi. Basi tukague alama hizo kwa mpangilio.

Kwanza, kompyuta iwe na JDK, na kihariri kiwe na Extension Pack for Java, ambamo mna Test Runner for Java.

Pili, fungua folda yenyewe iliyo na pom.xml. Kwa desturi ya Maven, programu hukaa katika src/main/java na majaribio katika src/test/java.

Tatu, maktaba ya JUnit itajwe ndani ya pom.xml.

Nne, kila metodi ya jaribio ibebe @Test. Hapa pana homonimu: JUnit 4 huitoa katika org.junit, JUnit 5 katika org.junit.jupiter.api. Umbo ni moja, asili mbili. Chagua ile inayolingana na maktaba uliyoitaja. Metodi isiwe private. Kwa JUnit 4 ni lazima iwe public.

Tano, jina. Amri ya mvn test, kwa kawaida, hutafuta klasi zenye majina kama NgeliTest. Ukiiita UchunguziWaNgeli, kihariri chaweza kuiona huku Maven ikiiruka.

Yote yakiwa sawa na orodha bado tupu, tumia amri ya Java: Clean Java Language Server Workspace.

Hatimaye, andika jaribio ambalo lazima lishindwe: dai kwamba wingi wa kitabu ni «matabu». Ndivyo tunavyompa mzungumzaji sentensi mbovu makusudi, tusikie akiikataa. Likitoka jekundu, lifute uendelee. Likikaa kimya, hakuna kinachopimwa, na jedwali la wingi katika kazi yako ya mwisho wa masomo halina shahidi.