Akaunti ya pamoja sawa, lakini kila mmoja abaki na yake

Fomu ya kufungulia akaunti ya pamoja benki ina sehemu ndogo ambayo wanandoa wengi huipita mbio, foleni ikiwa ndefu na ofisa akisubiri: nani ataidhinisha malipo? Mkichagua “yeyote kati yetu”, mmoja anaweza kutoa fedha zote asubuhi na mwenzake akaja kugundua jioni. Mkichagua “wote wawili”, hakuna shilingi inayotoka bila saini mbili. Njia ya kwanza inataka imani kamili. Ya pili inataka subira, na subira hiyo ni ngumu usiku ambao mtoto amelazwa Muhimbili na mwenzako yuko njiani kwenda Tunduma.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na akaunti binafsi pembeni ya ile ya pamoja, na ni sababu ya kawaida kabisa. Siikatai akaunti ya pamoja. Ada za shule, kodi ya nyumba, umeme, chakula, matofali ya kiwanja cha Chanika: hayo ni mambo ya wawili, na fedha zake zikae mahali ambapo wote wawili wanaona salio. Ninachokipinga ni ile hukumu inayotolewa kwenye kicheni pati na semina za ndoa, kwamba anayebaki na akaunti yake baada ya harusi hajamwamini mwenzake.

Sheria haimhukumu hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 56 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 60 kinasema jambo ambalo kila anayejaza fomu ya benki angepaswa kulijua: mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, na iliyoandikwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa ndani yake, mpaka uletwe ushahidi wa kupinga. Kwa maneno mengine, jina lililo juu ya akaunti lina uzito mahakamani. Mke anayeingiza akiba yake kila mwezi kwenye akaunti yenye jina la mume peke yake, kwa sababu wamezoea kuiita “ya familia”, ndiye atakayelazimika siku moja kuonyesha kwamba fedha zile zilikuwa zake. Na mume aliyeweka zake kwa jina la mke yumo kwenye mashaka yaleyale.

Kwa Waislamu hili si jipya. Mahari ni ya mke, mali yake ni yake, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume hata kama mke ana uwezo. Mwanamke wa Tanga au Unguja mwenye dhahabu yake na minazi yake hakuhesabiwa kuwa ameitenga ndoa.

Kinachoharibu ni siri. Akaunti binafsi ijulikane kuwa ipo, na ipo benki gani. Lakini alichonunua nayo mwenye akaunti siku ya Jumanne ni shauri lake. Nimesikiliza wanawake na wanaume wengi wakieleza fedha walizozificha kwenye kikoba, kwa dada, kwenye laini ya pili ya simu, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: nyumbani hapakuwa na fedha hata kidogo ambayo mtu angeweza kuitumia bila kuulizwa. Fedha iliyofichwa inamgharimu mwenyewe. Iliyo kwa dada haina taarifa ya benki ya kuombea mkopo, na mwenyewe akifariki hakuna anayejua iulizwe wapi. Tusijidanganye pia kwamba simu ya mmoja inatosha kuwa mfuko wa nyumba. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja, kwa hiyo salio lake ni la mtu mmoja.

Sasa, mishahara iingie wapi? Ushauri wangu: kila mmoja apokee kwenye akaunti yake, kisha aache maagizo benki sehemu ihamie kwenye ya pamoja siku ileile ya mshahara. Sehemu hiyo ifuate kipato. Tuseme mume analipwa 900,000, mke 600,000, na nyumba inahitaji 700,000. Mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 350,000. Mume anabaki na 550,000 na mke 250,000. Mkifuata kipato, mume anatoa 420,000 na mke 280,000, na kila mmoja amechangia sehemu ileile ya jasho lake. Nusu kwa nusu inasikika kama haki, lakini inamchosha mwenye kidogo kimyakimya.

Kuhusu benki yenyewe, angalia kwanza makato ya kila mwezi, gharama ya kuhamisha fedha kwenda kwenye akaunti ya pamoja, na umbali wa wakala. Anayepanga kukopa kwa mshahara akumbuke kwamba benki inayokopesha kwa kawaida hutaka mshahara upitie kwake. Mimi napendelea akaunti binafsi iwe benki tofauti na ile ya pamoja. Mtandao wa benki moja ukigoma Ijumaa jioni, nyumba haikosi chakula. Na kama mkataba wa mkopo unairuhusu benki kujilipa kutoka akaunti nyingine za mdaiwa, ada ya watoto haiko karibu na deni hilo.

Asiye na mshahara naye je? Huyu ndiye anayesahaulika, na ndiye anayeihitaji zaidi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo Bi Hawa hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mume alikwishampa fedha na hakuzitumia vizuri. Haki ile inatajwa zaidi watu wanapoachana. Ingeanza kutekelezwa wangali pamoja: kila mwezi kiasi fulani, hata 30,000, kitoke kwenye akaunti ya pamoja kiende kwenye akaunti ya mama wa nyumbani, kwa jina lake, bila kudaiwa risiti.

Mwisho ni kifo, na tukizungumzie wote tukiwa wazima. Fedha za akaunti ya marehemu kwa kawaida hukaa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na hata ya pamoja inaweza kuzuiwa kutegemea mlichosaini. Muulizeni ofisa siku ileile ya kufungua: mmoja wetu akifariki, aliyebaki anaruhusiwa kutoa? Jibu lake mliombe kwa maandishi. Likiwa ni hapana, basi kwa wiki zote za kuhangaikia barua za usimamizi, unga na nauli za watoto kwenda shule vitatoka kwenye akaunti binafsi ya yule aliyebaki.