Dawa za Shambani (4): Kiazi Mviringo cha Rungwe

Baada ya makala ya tangawizi, msomaji wa Tukuyu ameuliza kwa nini nimekiruka kiazi mviringo, ilhali kwao kila nyumba inakitumia kwa dawa. Sikukiruka. Nilikuwa napima maneno, kwa sababu dawa hii ina kweli na ina sumu, na vyote viwili vinakaa kwenye ganda.

Tuanze na kosa dogo: kiazi hiki si mzizi, ni shina lililonenepa chini ya udongo, na yale macho yake ndiyo machipukizi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Jina la kiazi ulaya linaonyesha kilikopitia kabla ya kutufikia. Kwa hiyo tukisema ni dawa ya mababu, tukumbuke kuwa mababu wenyewe walikikuta ukubwani.

Matumizi ya nje ni mawili. Kipande kibichi hubandikwa kwenye paji la uso kupunguza maumivu ya kichwa. Hicho hupoza ngozi tu, basi. Ya pili ni kukibandika pale moto ulipounguza, na hapa pana jambo. Madaktari wa Mumbai, India, walitibu majeraha ya moto kwa maganda ya viazi, wakaona kidonda hakikauki na ngozi mpya inaota vizuri. Lakini maganda yao yalichemshwa, yakapangwa kwenye kitambaa na kuuawa vijidudu. Kipande kilichotoka shambani na udongo wake ni habari nyingine kabisa. Aliyeungua amwagiwe kwanza maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati.

Linalonitisha ni juisi ya kiazi kibichi kwa vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Huyo hutibiwa kwa antibiotiki. Anayekunywa juisi akapata nafuu asishangilie mapema, maana maumivu ya vidonda huja na kuondoka yenyewe.

Sasa simama Isongole, kwenye barabara ya Mbeya. Viazi vimejaa ndoo, vinapigwa jua mchana kutwa. Mwanga huo hukigeuza kiazi kuwa kijani, na pamoja na ukijani huongezeka solanini, sumu inayoleta uchungu mdomoni, kutapika na kuharisha. Kuchemsha hakuiondoi. Anayesaga kiazi cha namna hiyo na ganda lake, akanywa asubuhi tumbo likiwa tupu, anajitafutia ugonjwa mpya.

Dawa ambayo kiazi kina haki ya kujivunia haisemwi sana: kinazuia kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvuja damu. Gramu 100 za kiazi kibichi zina takribani miligramu 20 za vitamini C. Ugonjwa wa ukungu ulipoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, njaa ilifuatana na kiseyeye, kwa kuwa maskini hawakuwa na chakula kingine chenye vitamini hiyo. Kichemshe na ganda lake, ukimenye kikishaiva. Vitamini nyingi itabaki ndani.

Wiki ijayo: gimbi, na kwa nini huwasha koo lisipoiva.