Oya, Anza na Mfuko!

Wana wa Moshi tunajua kutupia, hilo halina ubishi. Zama Memorial siku belo linafunguliwa, utakuta masela wamejazana wanachimba jinzi kali. Ila jinzi ikiwapwaya kiunoni wanasanda. Wanaanza kuzunguka mabarazani mjini kutafuta fundi, naye amezidiwa na kazi: njoo kesho. Mwanangu, kubana kiuno si kazi ya kukuweka foleni. Unaimudu mwenyewe ukikomaa kidogo na cherehani.

Ndiyo maana nayapigia debe madarasa ya ushonaji ya kitaani, yale ya ukumbi wa parokia au sebuleni kwa mama fulani kule Kibosho. VETA ipo na inatoa fani hii vizuri, lakini si kila dogo ana nafasi ya kozi ndefu. Kinachozingua ni pale fundi anapomfagilisha mwanafunzi wiki nzima, kisha anamrushia gauni la mshono. Dogo anaona giza, anarudi maskani. Mimi nasema aanze na kitu atakachoondoka nacho mkononi.

Kwanza kabisa, hakuna uzi. Chukua cherehani ya kukanyaga, ile isiyojali umeme umekatika, na karatasi ya daftari yenye mistari. Funga sindano iliyochoka, maana karatasi inaila sindano. Miguu yote kwenye kanyagio, mmoja umetangulia kidogo. Mkono wa kulia unalianzisha gurudumu kuelekea kwako, miguu inapokea. Likizunguka kinyume, siku utakayoweka uzi utakatika au utajisokota chini kwenye bobini. Sasa fuata mstari wa daftari. Ukifika kona, simamisha sindano ikiwa imezama, inua mguu wa cherehani, geuza karatasi, shusha, endelea. Inua karatasi kwenye mwanga: matundu yanakuonyesha ulipoyumba. Rudia mpaka yalale juu ya mstari.

Hapo ndipo unaingia mfuko wa kitenge. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, kila nyumba inahitaji mfuko wa sokoni, kwa hiyo hushoni kitu cha kutupa. Mistari yote imenyooka: mbavu mbili, pindo la juu, mikanda miwili. Patamu ni pale mkanda unaposhika mfuko. Usipige mstari mmoja ukaridhika. Piga kiboksi, kisha shona alama ya X ndani yake, kwa sababu uzito wote unaning'inia hapo. Ukiujaza mshare pale Mbuyuni ukaupandisha hadi Uru bila kuchanika, umefuzu kinoma.

Baadaye inakuja foronya, kisha bukta ya lastiki, ambapo dogo anakutana na mstari uliopinda kwa mara ya kwanza. Halafu pedi za kufua, na masela msitoke nje. VAT ya pedi ilifutwa mwaka 2018, ikarudishwa 2019, na dada zetu bado wanahesabu hela kila mwezi. Flana laini juu, tabaka za kunyonya katikati, kifungo pembeni. Zikifuliwa zianikwe juani zikauke kabisa, zisifichwe uvunguni. Mvulana aliyeshona pedi hawezi tena kumcheka binti darasani, na hilo peke yake linatosha kunifanya nifundishe.

Mchongo wa hela nao upo. Desemba Wachaga wanapanda nyumbani, harusi na vipaimara vinafuatana, kila ukoo unataka sare. Januari ni zamu ya yunifomu. Mafundi wanazidiwa, na hapo mwanafunzi anayejua kupiga pindo na kufunga vifungo anapata shavu. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, nendeni halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo unaweza kununua cherehani.

Na wewe ambaye Singer ya bibi imelala nyumbani imefunikwa kitambaa, itie mafuta, badilisha mkanda, uipeleke kwenye darasa lililo karibu nawe. Kuna dogo anasubiri zamu.