Kromatografia ya jeli

Kromatografia ya jeli ni mbinu ya kemia inayotenganisha molekuli kufuatana na ukubwa wake. Hutumika hasa kupima masi ya molekuli za polima za viwandani, kama vile polistireni na polietilini.

Sababu ya kupima

Minyororo ya polima haikui kwa urefu sawa wakati wa kutengenezwa. Kwa hiyo masi yake hutajwa kwa wastani, na wastani huo ni hasa wa aina mbili. Wastani wa idadi (Mn) hupatikana kwa kugawa masi yote kwa idadi ya minyororo. Wastani wa uzito (Mw) huipa minyororo mizito nafasi kubwa zaidi. Kwa mfano, tukiwa na mnyororo mmoja wa gramu 10,000 kwa moli na mwingine wa 100,000, Mn ni 55,000 lakini Mw ni karibu 91,800. Uwiano wa Mw kwa Mn ni takriban 1.67. Kama minyororo yote ingelingana, uwiano ungekuwa 1.

Tofauti hizo zina maana kiwandani. Minyororo mirefu huipa plastiki nguvu, lakini huifanya iwe nzito kutiririka inapoyeyushwa kwa joto. Ikizidi mifupi, plastiki huvunjika kwa urahisi.

Jinsi inavyofanya kazi

Polima huyeyushwa katika kiowevu, kwa mfano tetrahidrofurani, kisha husukumwa kwa pampu kupitia bomba lililojaa chembe za jeli zenye vitundu vidogo sana. Molekuli ndogo huingia katika vitundu na kuchelewa. Molekuli kubwa hazienei humo, hivyo hutoka kwanza. Muda wa kutoka hulinganishwa na ule wa polima ambazo masi yake inajulikana tayari.

Ikumbukwe kwamba kinachopimwa hapa ni ukubwa, si masi yenyewe. Polima yenye matawi hujikunja zaidi, hivyo huweza kuonekana nyepesi kuliko ilivyo. Kosa hilo hupunguzwa kwa kuongeza kifaa kinachopima jinsi molekuli zinavyotawanya mwanga.

Historia

Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin wa Uswidi walitenganisha molekuli za kibiolojia kwa jeli ya dekstrani. Mwaka 1964 John C. Moore, wa kampuni ya Dow Chemical nchini Marekani, alitumia jeli ya polistireni, na mbinu hiyo ikafaa kwa polima zisizoyeyuka katika maji.