Dunia Haikusogezei New York

Kila nikitaja kazi yangu ya kupanga safari za ndege, naulizwa swali lilelile: ikiwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, mbona ndege ya Nairobi kwenda New York huchukua karibu saa 15, na ikirudi huchukua 14 na kitu? Si ingepaa tu, New York ikaifuata yenyewe?

Haiifuati. Na nimechoka na video za watu wanaolieleza jambo hili kwa kujiamini, wengine wakifikia kudai kwamba eti ni ushahidi kuwa dunia haizunguki kabisa.

Ndege iliyoegeshwa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, haijasimama. Karibu na ikweta, uso wa dunia hukimbia mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ndege, lori la mafuta, wapakia mizigo na hewa wanayoivuta, vyote vimo katika mwendo huo, na magurudumu yakiacha lami mwendo haubaki uwanjani. Rusha chungwa ukiwa ndani ya treni inayokimbia kwenda Mombasa: litakurudia mkononi, halitampiga abiria wa nyuma. Imani kwamba dunia huiacha nyuma ndege ikishapaa ingekuwa kweli, helikopta ingeinuka juu ya Nairobi, ikatulia hewani saa moja, ikashukia misitu ya Kongo, magharibi kabisa ya Kisangani. Nani amewahi kuona hilo? Ndege ya abiria nayo, kwa kilomita zake 900 kwa saa, isingefika Mombasa hata siku moja, kwa sababu Mombasa ingekuwa inaikimbia kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yake.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi kwa njia fupi, inayokata Sahara kisha Atlantiki. Hewa ingekuwa tulivu, hiyo ni safari ya saa 13 na ushei angani, bila kuhesabu muda wa uwanjani. Lakini kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, juu ya Atlantiki ya kaskazini, huvuma mkondo wa upepo utokao magharibi, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na majira ya baridi huwa mkali zaidi. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Na hapa ndipo mzunguko wa dunia unapohusika kweli: hewa inayopanda kwa joto la ikweta na kuelekea kaskazini huenda na kasi yake ya mashariki. Ikifika usawa wa Cairo, ambako ardhi hukimbia kilomita 1,450 hivi kwa saa, hewa huitangulia ardhi.

Sasa ya msafiri, haraka haraka. Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika: ukiondoka saa 5:30 usiku ukatua saa 12:30 asubuhi, hukusafiri saa saba. Ongeza 8 za tofauti ya majira. Kati ya Machi na Novemba, Marekani ikipeleka saa mbele, tofauti ni 7. Ukiunganisha ndege New York, usikubali mwanya wa saa moja, kwani kuna uhamiaji na mizigo kwanza. Anayekupokea afuatilie namba ya ndege, asitegemee saa iliyoandikwa. Inuka utembee mara kwa mara. Uliyewahi kuganda damu miguuni, mwone daktari kabla ya kukata tiketi.