Skrini kuwa nyeusi: si lazima kompyuta iwe imekufa

Kompyuta inawashwa, nembo ya kampuni iliyoitengeneza inaonekana, kisha skrini inakuwa nyeusi. Katika nyumba nyingi jijini London, hapo ndipo familia inapoamua kuwa mashine imekufa na kuanza kutafuta nyingine. Mara nyingi uamuzi huo hufanywa mapema mno.

Mshukiwa wa kwanza katika hali hiyo ni programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Kazi yake ni ya mkalimani: hupokea amri za mfumo wa Windows na kuzifikisha kwa kadi ya michoro, inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Mkalimani akikosea, pande zote mbili huwa nzima lakini hazielewani.

Tatizo hili si geni. Januari 30, 2007, Bill Gates wa Microsoft alikuwa katika maktaba ya British Library, barabara ya Euston, kuzindua Windows Vista. Mfumo huo ulibadilisha jinsi draiva za michoro zinavyoandikwa, na watengenezaji wa kadi hawakuwa tayari. Nyaraka zilizotolewa mwaka 2008 katika kesi dhidi ya Microsoft nchini Marekani zilionyesha kuwa karibu asilimia 29 ya matukio ya Vista kukwama, yaliyorekodiwa na kampuni hiyo, yalitokana na draiva za Nvidia.

Hata hivyo Vista ilileta nafuu ambayo ipo hadi leo. Kadi isipojibu kwa takriban sekunde 2, Windows huianzisha upya draiva badala ya kuiacha kompyuta nzima ianguke. Ndiyo sababu skrini wakati mwingine huingia giza kidogo, kisha ikarudi.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kuchunguza kasoro inaanza lini. Michirizi ikionekana hata kabla ya Windows kuanza, huenda tatizo ni waya, skrini au kadi yenyewe. Ikianza baada ya hapo, hasa baada ya programu kusasishwa, draiva ndiyo ya kushukiwa.

Katika Windows 10 na 11, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B huianzisha draiva upya. Isiposaidia, mtumiaji huizima kompyuta kwa kukishikilia kitufe cha umeme wakati Windows inapoanza, mara mbili au tatu mfululizo, hadi ukurasa wa ukarabati utokee. Humo huchagua Safe Mode, ambamo Windows hutumia draiva yake ya kawaida. Baadhi ya kompyuta hudai hapo namba yenye tarakimu 48, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ni vyema kuitafuta mapema.

Akishaingia, hufungua Device Manager, huichagua kadi ya michoro na kuirejesha draiva ya zamani. Kama haipo, huiondoa iliyopo na kuweka nyingine kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, au Intel, AMD ama Nvidia. Kurasa zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa malipo ni za kuepukwa. Na anayepiga simu akidai anatoka Microsoft na ameona hitilafu, huyo ni tapeli.

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta zilizopitwa na wakati bado hufungwa kwenye makasha kupelekwa kwa jamaa Mombasa, Zanzibar au Kampala. Kabla ya kasha kuondoka, draiva ya michoro na ile ya mtandao ziwekwe kwenye flashi moja. Bila hiyo ya pili, kompyuta haitaweza kuingia kwenye intaneti kuitafuta ya kwanza.