Vitabu vya Kusoma Juu ya Haki za Wanyama na Maadili ya Kula Nyama

Baada ya kipindi cha Mwanzo 9, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza kama mchungaji aweza kukaa kimya aonapo ng'ombe wamesongamana ndani ya lori, wakisafirishwa kwenda mnadani bila maji. Sikuwa na jibu la haraka, nikampa vitabu. Ndivyo ninavyovieleza hapa kwa faida ya wenzangu walioko usharikani.

Katika nchi yetu swali la nyama limezoea kuwa swali la kisu. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam, na mwezi Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mgogoro juu ya nani achinje uligharimu uhai wa mchungaji. Katika mabishano hayo habari za mnyama mwenyewe hazikuulizwa.

Msomaji aanze na Maandiko. Katika Mwa. 1:29-30 wanadamu na wanyama wapewa mimea kuwa chakula. Ruhusa ya nyama yaja baada ya gharika (9:3-4), nayo yafuatana na katazo la damu. Fungu lililo gumu ni 1 Kor. 9:9-10, ambapo Paulo aichukua amri ya ng'ombe apuraye nafaka (Kum. 25:4) na kuielekeza kwa wahubiri. Wengi wetu tumeihubiri sana kwa ajili ya posho zetu, tukamsahau ng'ombe.

Kati ya wanafalsafa, Peter Singer, Animal Liberation (1975), asomwe, ijapokuwa aushutumu Ukristo. Kipimo chake ni uwezo wa kiumbe kuumia. Tom Regan, The Case for Animal Rights (1983), adai kwamba mnyama anayo thamani isiyotegemea faida ya mwanadamu. Wote wawili hawamhitaji Muumba katika hoja zao.

Andrew Linzey, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, aanzia hapo hasa. Katika Christianity and the Rights of Animals (1987) na Animal Theology (1994) afundisha kwamba haki za wanyama msingi wake ni haki ya Mungu juu ya viumbe vyake. Amtesaye mnyama amkosea mwenye mali. Hata hivyo sikubaliani na mkazo wake juu ya kuacha nyama. Mfugaji wa Simanjiro, ambako mvua ni haba na mifugo ndiyo shamba lake, ale nini?

Hapo Karl Barth, Kirchliche Dogmatik III/4 (1951), anisaidia zaidi. Yeye hakatazi kuchinja, lakini asema achinjaye atwaa uhai usio wake, wala hawezi kufanya hivyo ila kwa kuitegemea neema ya Mungu. Wazo hilo labadili hata sala ya mezani.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwa Walutheri. Mchungaji Albert Knapp alianzisha chama cha kuwalinda wanyama huko Stuttgart mwaka 1837. Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji, alilipata wazo lake la heshima kwa uhai mwaka 1915 akisafiri katika mto Ogowe, Gabon.

Mwisho ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008. Isomwe pamoja na Kum. 25:4 katika semina za wazee wa kanisa, hasa kwenye sharika zilizo karibu na minada.